Kukata Kitenzi cha Kiswahili Mofimu kwa Mofimu: Mwongozo Kamili

Chukua sentensi hii: *Hawakutupokelea mizigo.* Mwombe mwanafunzi akigawe kitenzi katika mofimu, na mara nyingi ataandika ha-wa-ku-tu-po-ke-le-a. Hizo ni silabi nane. Mofimu ni saba: *po* peke yake haina maana hapa, wala *ke* haina. Ukizitenganisha umeupasua mzizi katikati.

Chanzo cha kosa hili ni sikio. Silabi ni kipande cha matamshi, mofimu ni kipande kidogo kabisa chenye maana au kazi ya kisarufi. Upande wa kushoto wa kitenzi cha Kiswahili vipande hivi viwili huenda pamoja, kwa kuwa viambishi awali vingi ni konsonanti na irabu: *wa, ku, tu, na, li, ta*. Mkataji huzoea mwendo huo, na anapofika kwenye mzizi huendelea nao. Lakini mizizi mingi ya Kibantu huishia kwenye konsonanti: *som-, pig-, andik-, fung-*. Silabi za *andika* ni a-ndi-ka, ilhali mofimu zake ni andik-a. Kuanzia hapo hesabu zote huharibika.

Kwa hiyo kanuni ya kazi yote inayofuata ni moja: kata kwa kubadilisha, usikate kwa kusikiliza. Kipande ni mofimu ukiweza kukitoa, ukaweka kingine mahali pake, na maana ikabadilika pale pale huku sehemu nyingine za neno zikibaki zilivyo.

Maneno machache utakayoyahitaji

*Mzizi* ni kiini cha neno kinachobaki baada ya kuondoa viambishi vyote: *-pig-*. *Shina* ni mzizi pamoja na chochote kilichoongezwa kuume kwake, tayari kupokea viambishi awali: *-piga*, *-pigana*, *-pigania*. *Kiishio* ni irabu ya mwisho. *Alomofu* ni sura mbalimbali za mofimu moja, kama *ki-* ya *kitabu* na *ch-* ya *chakula*: kazi moja, sura mbili, na kinachoamua ni sauti inayofuata. Vitabu vya shule havikubaliani kuhusu majina. Kwingine utasoma njeo, kwingine wakati. Kwingine yambwa, kwingine mtendwa. Tumia jina la kitabu chako na usilichanganye na la kitabu kingine ndani ya jibu moja.

Hatua ya 1: Liweke neno ndani ya sentensi kwanza

Usikate neno lililo peke yake kabla ya kujua linasema nini. *Alitupa* ni a-li-tup-a kama mtu alitupa taka, na ni a-li-tu-p-a kama alitupa sisi zawadi. Katika la kwanza *tu* ni sehemu ya mzizi, katika la pili ni yambwa (anayetendewa) "sisi", na mzizi umebaki konsonanti moja, *-p-*. Herufi ni zilezile. Mtihani ukikupa neno kama hilo bila sentensi, toa migawanyo yote miwili na uandike maana ya kila mmoja.

Hatua ya 2: Anza mwisho wa neno, ondoa kiishio

Viishio vya vitenzi vya asili ya Kibantu ni vitatu. *-a* ndiyo ya kawaida. *-e* hutokea katika dhamira ya ombi, agizo au lengo: *asome*, *tusisome*. *-i* hutokea katika ukanushi wa wakati uliopo: *hasomi*. Agizo la watu wengi huongeza *-ni* na kugeuza *a* kuwa *e*: som-e-ni.

Usikipuuze kiishio ukidhani ni pambo. Wakati mwingine ndicho kinachoamua mwanzo wa neno ukatwe vipi. *Husoma* ni hu-som-a, hali ya mazoea, isiyo na kiambishi cha nafsi kabisa. *Husomi* ni h-u-som-i: *ha-* ya kukanusha imekutana na *u-* ya "wewe" na *a* ikamezwa. Mwanzo unasikika uleule. Irabu ya mwisho ndiyo inayokuonyesha njia.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havifuati utaratibu huu. *Jibu, samehe, fikiri, sahau, rudi* hubaki na irabu yao: *anajibu, hajibu, asijibu*. Usimkatie mtu *jib-u* na kuiita *-u* kiishio. Andika a-na-jibu, na mzizi uite mzizi huru, kwa kuwa unaweza kusimama wenyewe kama neno. Lakini mara kitenzi hicho kinaponyambuliwa, yaani kinapoongezewa kipande kati ya mzizi na kiishio, hupokea *-a* na kutii kanuni kama wenzake: *anajibiwa, hajibiwi, asijibiwe*.

Hatua ya 3: Tafuta mzizi kwa kukusanya ndugu zake

Andika maneno matano au sita yanayohusiana kwa maana, kisha angalia kipi hakibadiliki. Kwa neno letu: *pokea, pokelea, pokelewa, pokeza, mpokezi, mapokezi*. Kinachobaki siku zote ni *poke*. Kinachokuja na kuondoka ni *l* au *z*.

Hapa panahitaji kutulia kidogo, maana wengi hujikwaa. Vitenzi ambavyo leo huishia kwa irabu mbili, kama *pokea, chukua, ondoa, zaa, toa, jua*, vilikuwa zamani na konsonanti *l* kati ya irabu hizo. Kiswahili kiliipoteza sauti hiyo mwishoni mwa mzizi, lakini ukinyambua hurudi: *chukulia, ondolewa, zaliwa, tolea, julikana*. Na ile *z* ya *mpokezi* ni *l* hiyohiyo iliyogeuzwa na irabu *i* iliyoifuata.

Sasa *l* hiyo uiweke wapi? Wapo wanaoirudisha kwa mzizi: pokel-e-a. Wapo wanaoifanya sehemu ya kinyambulishi, kile kipande kinachoongezwa baada ya mzizi: poke-le-a, na kusema *-i-, -e-, -li-, -le-* ni alomofu nne za kauli ya kutendea. Mgawanyo wa kwanza una nguvu zaidi kihistoria, wa pili hukubaliana na vitabu vingi vya shule. Tutautumia wa pili hapa. Kosa ni kuchanganya: kuandika pokel-e-a kwenye swali la kwanza na chuku-li-a kwenye la tatu.

Kukusanya ndugu hukulinda pia na vinyambulishi vya uongo. *Kimbia* na *tembea* yana sura ya kutendea. Ondoa *-i-* kwenye *kimbia*, unabaki na *kimba*, isiyo na uhusiano wowote wa maana. Ondoa *-e-* kwenye *tembea*, hupati kitu. Tena kutendea kwao halisi ni *kimbilia* na *tembelea*. Basi mizizi ni *kimbi-* na *tembe-*, nzima nzima.

Hatua ya 4: Kata vinyambulishi, ukiangalia irabu ya mzizi

Kati ya mzizi na kiishio hukaa vinyambulishi. Irabu zao hufuata irabu ya mzizi: mzizi wenye *a, i, u* huvuta *i*; wenye *e, o* huvuta *e*. Ndiyo maana tuna kat-i-a, pig-i-a, fung-i-a lakini chek-e-a, som-e-a. Kutendeka ni vilevile: vunj-ik-a, som-ek-a. Kutendesha pia: fung-ish-a, som-esh-a. Kutendana, *-an-*, hakubadiliki. Kutendua hutumia *-u-* karibu kila mahali, hata baada ya *e*: fung-u-a, teg-u-a, *-o-* hutokea tu mzizi ukiwa na *o*: chom-o-a.

Mizizi ya konsonanti tupu haina irabu ya kufuata, kwa hiyo ikariri. *-l-, -f-, -j-* huchukua *i*: *lia* (kama katika "sufuria ya kulia"), *fia, jia*. *-nyw-, -p-, -ch-, -ny-* huchukua *e*: *nywea, pewa, chea, nyea*.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni *-iw-* na *-ew-*. Je, ni mofimu moja au mbili? Jiulize kama kitenzi hicho kina kutendwa kufupi zaidi. *Lipa* kina *lipwa*. Kwa hiyo *lipiwa* si kutendwa tu. Ni lip-i-w-a, kulipwa kwa niaba ya mtu: *mtoto amelipiwa karo*. *Jibu* hakina *jibwa*. Kwa hiyo *swali limejibiwa* ni li-me-jib-iw-a, na *-iw-* ni mofimu moja, alomofu ya *-w-*. *Kiti kimechukuliwa* ni ki-me-chuku-liw-a, kwa sababu hiyohiyo. Ukijua kipimo hiki utakuwa umeziba shimo lililowanyima wengi alama.

Mpangilio wa vinyambulishi nao una maana. *Wanapigiana simu* ni wa-na-pig-i-an-a: kwanza kutendea, kisha kutendana, kila mmoja akimpigia mwenzake. *Wanapigania haki* ni wa-na-pig-an-i-a: kwanza wanapigana, kisha ipo sababu ya kupigana. Kinyambulishi kilicho karibu na mzizi ndicho kilichotangulia kuungwa. Kutendwa hukaa kwa kawaida mwisho kabisa, mlangoni pa kiishio: i-li-yo-pig-an-i-w-a.

Kutendesha kuna aina ya pili ambayo haiwezi kukatwa kwa wembe. *Waka* huwa *washa*, *anguka* huwa *angusha*, *lala* huwa *laza*, *takata* huwa *takasa*, *ogopa* huwa *ogofya*, *lewa* huwa *levya*. Zamani palikuwa na irabu fupi ya mbele, ambayo iliigeuza konsonanti iliyoitangulia kisha ikapotea au kubaki kama *y*. Mkono huohuo ndio uliotengeneza *mpishi* kutoka *pika*, *mfuasi* kutoka *fuata*, *mlinzi* kutoka *linda*, *mwizi* kutoka *iba* na *mlevi* kutoka *lewa*. Kwa *washa*, andika wash-a na ueleze kwa maneno kwamba *k* ya mzizi *wak-* imegeuka *sh* kwa kuunganika na kutendesha. Ukiandika wa-sh-a utakuwa umedai kwamba mzizi ni *wa*, na si kweli.

Hatua ya 5: Rudi mwanzo, jaza nafasi moja moja

Kushoto kwa mzizi kuna foleni yenye mpangilio usiovunjwa:

ukanushi (*ha-*) – nafsi au ngeli – ukanushi wa pili (*-si-*) – njeo au hali – kirejeshi (kama *-ye-* ya *atakayekuja*) – yambwa – mzizi

Si lazima nafasi zote zijazwe, na kanushi mbili hazikai katika kitenzi kimoja. Sasa badilisha kipande kimoja kimoja katika *hawakutupokelea*:

*hamkutupokelea*: *wa* imetoka, *m* ya "nyinyi" imeingia.
*hawatatupokelea*: *ku* imetoka, *ta* imeingia. Basi *ku* ni ya njeo, wakati uliopita katika ukanushi.
*hawakukupokelea*: *tu* imetoka, *ku* ya "wewe" imeingia.

Angalia neno la mwisho. Lina *ku* mbili, na kila moja ina kazi yake: ya kwanza wakati uliopita, ya pili yambwa. Sikio haliwezi kuzitofautisha. Nafasi kwenye foleni inaweza.

Hali ni hiyo kwa *ki*. Katika *akisoma* ni hali ya masharti au ya tendo linaloendelea. Katika *anakisoma* ni yambwa, kitabu. Katika *kinasomwa* ni kiambishi cha ngeli kilicho kiima. Katika *kitoto* ni udogo. Katika *amevaa kizungu* ni namna. Ukiulizwa "ki ina kazi gani", jibu la kwanza ni swali: iko wapi?

Kuna *ku* nyingine isiyo nafsi wala njeo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi *-na-, -li-, -ta-, -me-* havibebi mkazo. Mzizi ukiwa konsonanti tupu, kama *-l-* ya kula, *anala* ingeutupa mkazo juu ya *na*. Kwa hiyo *ku* ya kitenzi-jina hubaki kuupokea: a-na-ku-l-a. Panapokuwa na kipande kingine cha kuubeba, *ku* huondoka: *akila, hali, ale, anaila*. Katika *hakula*, *ku* iliyopo ni ile ya njeo. *-p-* haipati *ku* hii kabisa, kwa kuwa haiendi bila yambwa: *anampa*. Ndiyo maana *anakupa* ni lazima iwe "wewe".

Virejeshi huleta jambo moja la kuangalia. *Atakayekuja* ni a-taka-ye-ku-j-a. *-ta-* ya wakati ujao ilifupishwa kutoka kitenzi *taka*, na mbele ya kirejeshi sura ndefu bado ipo. Usiitenge *ka* na kuiita ya mfuatano. *-Taka-* ni alomofu ya *-ta-*.

Hatua ya 6: Rudisha sauti zilizomezwa

Baadhi ya mofimu zipo lakini huzioni. *Hatasoma* kwa "yeye" ni ha-(a)-ta-som-a. *A* mbili zimekuwa moja. Andika *a* iliyomezwa kwenye mabano ili msomaji ajue unaitambua.

*Sisomi* ni si-som-i. Hapa *si-* imebeba mambo mawili kwa pamoja, ukanushi na nafsi ya kwanza umoja, na haigawanyiki. Usiandike s-i, uandike kazi zake zote mbili. Lakini *nisisome* ni ni-si-som-e, na *si* hiyo ni ukanushi tu, maana nafsi iko kando yake.

Njeo ya *-a-* ndiyo hupotea zaidi: *nasoma* ni n-a-som-a, *twasoma* ni tw-a-som-a, na *wasoma* ina njia mbili. Ni w-a-som-a ikiwa ni "wewe", kutoka u-a. Ni wa-(a)-som-a ikiwa ni "wao". Rudi hatua ya 1.

Kwenye nomino utakutana na mofimu kapa, yaani nafasi ya kiambishi isiyo na sauti. *Kalamu* moja na *kalamu* nyingi huandikwa vilevile. Upatanisho, *imevunjika* au *zimevunjika*, ndio unaotuonyesha idadi.

Hatua ya 7: Taja kazi ya kila kipande, kisha lijenge neno upya

Mgawanyo bila maelezo ni nusu ya jibu. Andika hivi:

ha: ukanushi
wa: kiima, nafsi ya tatu wingi
ku: njeo, wakati uliopita katika ukanushi
tu: yambwa, nafsi ya kwanza wingi
poke: mzizi
le: kauli ya kutendea
a: kiishio

Kisha unganisha vipande kwa kufuata kanuni za sauti. Kama hupati neno ulilopewa herufi kwa herufi, kuna kipande umekizidisha au umekipoteza. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, sehemu ya matumizi ya lugha ina alama 40, na swali la mofimu ni la dakika mbili kwa aliyezoea, kumi kwa anayekisia.

Ya kufanyia mazoezi

Funika upande wa kulia, kata mwenyewe kwa penseli, kisha linganisha.

*alimlilia*: a-li-m-li-li-a. *Li* ya kwanza ni njeo, ya pili mzizi wa *lia*, ya tatu kutendea.
*aliliwa* (na simba): a-li-l-iw-a. Mzizi ni *-l-* ya kula.
*hujalipwa*: h-u-ja-lip-w-a. Mzizi ni *-lip-*, usiukate *-l-*.
*nisipompigia*: ni-si-po-m-pig-i-a. *Po* imekaa nafasi ya kirejeshi, na pamoja na *si* huleta sharti.
*alijikata*: a-li-ji-kat-a. *Ji* ni yambwa inayomrudia mtenda mwenyewe.
*tumesahauliwa*: tu-me-sahau-liw-a. Mkopo unaoishia kwa irabu mbili nao huvuta *l*.
*uliyoinunua* (kalamu): u-li-yo-i-nunu-a. *Yo* na *i* zote ni za kalamu: moja inarejesha, nyingine ni yambwa.
*usifikirie*: u-si-fikir-i-e. *Fikiri* imenyambuliwa, kwa hiyo sasa inakubali *-e*.
*waliotupa*: hili lina migawanyo miwili. Itafute yote, na uandike sentensi moja kwa kila mmoja.